Kutembea vijijini Ufaransa: na mwongozaji, kwa kupangiwa, au kwa kujipangia?

Aliyezoea taratibu za Kilimanjaro akianza kuulizia matembezi ya miguu Ufaransa, jambo la kwanza analotaka kujua ni kama mwongozaji ni lazima. Ana haki ya kuuliza. Pale Marangu au Machame huvuki lango bila mwongozaji mwenye leseni na ada za hifadhi zilizokwisha lipwa. Vijijini Ufaransa hakuna lango. Njia za miguu ziko wazi kwa yeyote, hifadhi za taifa hazina kiingilio, na ukiamua kuondoka Le Puy-en-Velay alfajiri, peke yako, utembee karibu kilomita 750 hadi Saint-Jean-Pied-de-Port jirani na mpaka wa Hispania, hakuna wa kukudai kibali.

Kwa hiyo mwongozaji wa kule hauzi ruhusa ya kupita. Anauza vitu vingine: lugha, maarifa ya mahali, usimamizi, wenzako wa njiani, na raha ya kutofikiria kesho utalala wapi. Kuna anayevihitaji vyote na kuna asiyehitaji hata kimoja, na tofauti ya bei kati ya wawili hao yaweza kuwa mara mbili au zaidi.

Chaguo ni tatu. La kwanza ni kundi: watu sita hadi kumi na wawili hivi, mara nyingi kwa wiki moja, kila kitu kimepangwa na kampuni, na mwongozaji anatembea nanyi kutwa. La pili ni kupangiwa: kampuni inakukatia nafasi za kulala, inasafirisha begi lako kwa gari, inakupa ramani na maelezo ya njia, kisha unatembea mwenyewe au na wa kwako. La tatu ni kujipangia: simu unapiga wewe, ramani unanunua wewe, na ukikosea umekosea wewe.

Nimezipima kwa mambo sita: njia na hatari zake, mzigo, kulala na kula, lugha na watu, uhuru wa kubadili ratiba, na mwisho fedha pamoja na viza. Mandhari sikuyaweka kwenye mizani, maana kijiji cha Conques ni kilekile ukifika na kundi au ukifika peke yako unachechemea.

Njia na hatari zake

Ufaransa ina zaidi ya kilomita 180,000 za njia za miguu zenye alama. Kazi hiyo ilianza rasmi mwaka 1947, na leo inasimamiwa na shirikisho la watembeaji, FFRandonnée, ambalo wanachama wake wa kujitolea hupita na makopo ya rangi wakipaka miti, mawe na nguzo za umeme. Mstari mweupe juu ya mwekundu ni njia ndefu, zile ziitwazo GR. Manjano juu ya nyekundu ni mzunguko wa eneo fulani, wa siku kadhaa. Manjano peke yake ni matembezi mafupi ya kwenda na kurudi siku hiyohiyo. Rangi zikipishana kwa umbo la msalaba, umekosea, rudi. Mtu akishajifunza hayo, ambayo ni kazi ya dakika tano, hatari ya kupotea kwenye njia kubwa inapungua sana. Isipokuwa milima ya Vosges kule Alsace: huko Club Vosgien, chama kilichoanza mwaka 1872, kina alama zake chenyewe, na GR 5 inapopita pale huvaa mstatili mwekundu badala ya nyeupe na nyekundu.

Basi kwenye njia kama GR 65, ile ya mahujaji inayoanzia Le Puy, mwongozaji hakuokoi na kupotea, kwa sababu hukuwa unapotea. Thamani yake iko kwingine. Iko kwenye njia zisizo na alama anazozijua yeye, kwenye ukungu wa milima ya Cévennes kule kusini, kwenye kuamua kwamba leo mvua hii haifai na twende upande wa pili. Na iko kwenye maelezo. Ukipita Cévennes bila mtu wa kukusimulia, utaona mawe na miti ya chestinati. Ukipita na anayejua, utaonyeshwa mabonde ambako Waprotestanti walioitwa Camisards walipigana na jeshi la mfalme kuanzia mwaka 1702, na kwa nini hadi leo baadhi ya familia zina makaburi yao kwenye ardhi ya nyumbani. Kwangu hilo ndilo hasa linalolipiwa.

Sheria inamtaka anayelipwa kuongoza watu awe na kadi ya kitaaluma, na kwa matembezi ya milima ya kawaida awe na diploma ya serikali ya accompagnateur en montagne. Ukikutana na mtu mtandaoni anayejitangaza kuongoza wiki nzima kwa bei ya kutupa, mwombe akuonyeshe kadi. Mwenye kadi hatakasirika.

Anayepangiwa anapewa maelezo ya maandishi na mara nyingi njia yenyewe kwenye simu. Zikitofautiana na alama zilizopakwa njiani, na hutokea pale njia inapohamishwa, ataamua mwenyewe. Kampuni ina namba ya dharura, lakini atakayepokea yuko ofisini, hayuko nyuma yako kichakani. Anayejipangia hutegemea ramani za karatasi za IGN, taasisi ya ramani ya serikali, za kipimo cha 1:25,000, ambapo sentimita moja ni mita 250, au programu kama Visorando. Wote wawili wajue kwamba saa zinazoandikwa kwenye vibao vya njia ni za kutembea tu, bila mapumziko. Hesabu ya Wafaransa ni kilomita nne kwa saa kwenye tambarare, na mita 300 za kupanda kwa saa. Ukipenda kupiga picha, ongeza theluthi.

Hatari zenyewe ni chache lakini hazifanani na za kwetu. Kuanzia Septemba hadi mwisho wa Februari hivi ni msimu wa kuwinda, na watu wenye bunduki wanatafuta nguruwe mwitu msitu uleule unaopita wewe. Vaa rangi inayoonekana. Kwenye malisho ya Alps na Pyrenees mbwa wakubwa weupe hulinda kondoo: usikimbie, usiwatishe kwa fimbo, zunguka kundi kwa mbali. Kupe wako kwenye nyasi ndefu, hasa Alsace, na wanaambukiza ugonjwa wa Lyme, kwa hiyo jikague kila jioni. Cévennes hupigwa na mvua za ghafla kati ya Septemba na Novemba, na kijito cha asubuhi kinakuwa mto mchana. Na kusini, kwenye mikoa ya Bouches-du-Rhône, Var na Vaucluse, mamlaka huweza kufunga misitu siku za joto na upepo kwa hofu ya moto, uwe umelipia hoteli ng'ambo ya msitu huo au hukulipia. Ndani ya kundi, habari hizi hufuatiliwa na mwongozaji kabla hujaamka. Ukiwa umepangiwa au umejipangia ni zamu yako, kila jioni. Namba ya dharura ni 112.

Mzigo

Wapagazi hakuna. Hakuna atakayebeba begi lako kichwani, hata ukiwa na fedha. Mzigo husafiri kwa gari la mizigo ukiwa wewe njiani, na unaukuta mlangoni pa malazi yanayofuata. Kikomo huwa kilo 12 hadi 15 kwa begi.

Katika kundi, uliza mapema ni likizo ya namna gani. Kuna ile ya kuhama kila siku, na kuna ile inayoitwa en étoile, yaani mnakaa nyumba moja wiki nzima, na kila asubuhi mnaondoka upande tofauti na kurudi jioni. Hii ya pili haina suala la mzigo kabisa, na ndiyo ninayoona inawafaa wazee wetu, kwa sababu ambazo nitazitaja hapo chini.

Sasa jambo ambalo vipeperushi vya kampuni havilisemi kwa sauti. Kwenye njia maarufu, hasa GR 65 ya mahujaji na GR 70 ya Stevenson, huduma ya kusafirisha mabegi inauzwa kwa kila mtu. La Malle Postale, kwa mfano, utawalipa mwenyewe karibu euro 10 kwa begi kwa siku. Maana yake, kwenye njia hizo mbili, aliyepangiwa na aliyejipangia wanaweza kuwa wanatembea bega kwa bega, mabegi yao yamo kwenye gari moja, na tofauti yao ni nani aliyepiga simu. Kwingineko si hivyo. Dordogne au Luberon huduma ya kukuuzia siku moja moja ni ya kubahatisha, na hapo kampuni inastahili fedha yake.

Mbadala mwingine ni punda. Mwaka 1878 mwandishi wa Kiskoti Robert Louis Stevenson alivuka Cévennes kwa siku kumi na mbili na punda jike aliyemwita Modestine, na leo kuna wafugaji kwenye njia hiyo wanaokodisha punda kwa wiki. Mtu wa Lamu atacheka kusikia kuna anayelipa kwa ajili hiyo. Lakini ukiwa na watoto wa miaka sita au saba, punda anawatoa kilomita nyingi bila malalamiko, na kampuni za mabegi hazina dawa ya namna hiyo.

Kulala na kula

Malazi ya kawaida ya watembeaji ni gîte d'étape: vitanda vinne hadi kumi chumba kimoja, bafu la pamoja, na chakula cha jioni mezani pamoja saa moja au moja na nusu, wote sahani moja. Bei ya jumla, kitanda na chakula cha jioni na staftahi, huwa euro 45 hadi 65 kwa mtu. Anayejipangia hulala humo mara nyingi. Aliyepangiwa huwekwa kwenye hoteli ndogo au nyumba ya familia yenye chumba chake. Kundi linaweza kuwa lolote kati ya haya. Soma kwa makini, maana neno "chumba" kwenye tangazo halisemi mnalala wangapi. Asiyetaka kulala chumba kimoja na mgeni hulipa nyongeza ya chumba cha peke yake, na kuna tarehe ambazo vyumba hivyo havipo kabisa.

Chakula kinahitaji maelezo marefu kidogo, kwa sababu wasomaji wengi wa Kiswahili ni Waislamu na mashamba ya Ufaransa ni ufalme wa nguruwe. Soseji, vipande vya nyama iliyokaushwa na chumvi, supu iliyoungwa kwa mafuta ya mnyama huyo: vinaingia hata kwenye sahani inayoonekana ya mboga. Dengu za kijani za Le Puy ni tamu sana, ila mara nyingi huja na soseji. Aligot ya Aubrac, viazi vilivyopondwa na kuvutwa pamoja na jibini mbichi mpaka vifanye nyuzi, ni salama zaidi, ila huletwa na soseji pembeni. Nyama halali hutaipata kijijini. Panga kula samaki, mayai, jibini na mboga. Mvinyo utawekwa mezani kwa wote, na kukataa hakumkwazi mtu.

Hapa kundi lina nguvu kubwa. Ukiandika haja yako siku ya kulipia, ujumbe unafika kila nyumba, na mwongozaji yupo kuhakikisha. Pamoja na hayo, chakula cha mchana cha makundi mengi ni vitu ambavyo mwongozaji amenunua sokoni na kuvitandaza juu ya mwamba, kwa hiyo mkumbushe asubuhi ya kwanza. Aliyepangiwa huandika mara moja kwa kampuni, kisha anakumbusha kila jioni. Anayejipangia anasema mwenyewe kwa kila simu anayopiga, na aseme wakati wa kuweka nafasi, asingoje kufika. Mwenye nyumba anayepika kwa ajili ya watu kumi na watano alianza kupika kabla hujafika.

Chakula cha mchana ni juu yako katika chaguo la pili na la tatu. Duka la kijiji hufungwa kuanzia saa sita na nusu mchana hadi saa nane au tisa, Jumapili mchana halifunguliwi, na mahali pengi Jumatatu pia. Nunua mkate na jibini siku moja kabla. Maji yanapatikana makaburini: karibu kila kijiji kina bomba kwenye uwanja wa makaburi kwa ajili ya maua, na watembeaji hujaza chupa zao hapo bila aibu. Soma kibao tu, kisije kikawa kimeandikwa kwamba maji hayafai kunywa.

Lugha na watu

Kipimo hiki kinabadilika kabisa kulingana na unakotoka. Msomaji wa Bukavu, Lubumbashi au Bujumbura anayezungumza Kifaransa ana mali ambayo Mtanzania au Mkenya anapaswa kuinunua. Kwake kujipangia ni rahisi, na akitaka kundi anaweza kuingia makundi ya Wafaransa wenyewe, ambayo bei yake ni ndogo kuliko yale yanayoongozwa kwa Kiingereza. Asiye na Kifaransa ataweza kujipangia kwenye njia ya Le Puy, ambako wenye nyumba wamezoea wageni, lakini katika vijiji vya ndani vya mkoa wa Lozère simu ya kuweka nafasi inaweza kuwa mtihani. Vyovyote vile, "bonjour" kabla ya neno lolote jingine. Watu wa pwani hawahitaji kufundishwa uzito wa salamu, na hapo wanawazidi watalii wengi.

Kuhusu wenzako: makundi mengi ni ya watu wa makamo na wastaafu. Ukiwa na miaka 28 ukitarajia vijana, uliza umri wa waliokwisha jiandikisha. Kundi zuri ni furaha, na kundi lenye mlalamishi mmoja ni siku saba ndefu. Aliyepangiwa hutembea na aliokuja nao, na akija peke yake atakula peke yake kwenye meza ya hoteli. Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba anayejipangia kwenye njia ya mahujaji ndiye asiyekuwa mpweke: watu walewale wanakutana jioni kwenye meza ndefu, siku baada ya siku, na ukikosekana wataulizana umefika wapi. Wengi wao huanza kwa misa ya saa moja asubuhi katika kanisa kuu la Le Puy, ambako mahujaji hubarikiwa kabla ya kuondoka, na si wote ni Wakatoliki, wala si wote ni waumini.

Mwafrika vijijini huko ataangaliwa kidogo, na mara nyingi atasalimiwa. Tembea na pasipoti yako, usiiache begini kwenye gari.

Uhuru wa kubadili ratiba

Kundi lina mwendo wake. Kama magoti yanauma, likizo ya kukaa nyumba moja inakuruhusu kubaki siku moja ukisoma kitabu; ile ya kuhama haikuruhusu kirahisi, ingawa kuna madereva wa mizigo wanaokubali abiria mmoja. Aliyepangiwa anaondoka saa anayotaka na kupumzika anapotaka, ila kitanda cha usiku hakihami. Anayejipangia yuko huru kwenye karatasi. Kwa kweli, mwezi Mei, wiki ya sikukuu ya Kupaa, na tena Septemba, nyumba za GR 65 hujaa wiki nyingi kabla, naye anabanwa na nafasi zake kama wengine.

Fedha na viza

Haya ni makadirio ya wiki moja, bila ndege. Kundi la Kifaransa: euro 900 hadi 1,500. Kundi la Kiingereza: mara nyingi linafika 2,000, na la hoteli nzuri linapita hapo. Kupangiwa: 600 hadi 1,100. Kujipangia, pamoja na chakula cha mchana na gari la begi: 450 hadi 600. Safari za treni ndani ya Ufaransa kwa kawaida hazimo katika bei yoyote kati ya hizi.

Kwa mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda, Kongo, Rwanda, Burundi au Oman, hesabu inaanza na viza ya Schengen. Ada ya mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, hairudishwi ukikataliwa, na bima ya matibabu inatakiwa kufika angalau euro 30,000. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na yasichelewe kuliko siku 15 kabla. Aliyehamia Uingereza au Ghuba na bado ana pasipoti ya nyumbani huombea kule anakoishi kihalali.

Hapa kuna tofauti ambayo vitabu vya Wazungu havikuandikii, kwa sababu wao haiwahusu. Ubalozi unataka kuona utalala wapi kila usiku. Aliye kwenye kundi au aliyepangiwa anawasilisha barua moja ya kampuni yenye tarehe, majina ya malazi na risiti. Anayejipangia anawasilisha barua pepe saba kutoka nyumba saba, mbili zimeandikwa kwa mkono na kupigwa picha, moja haina anwani kamili. Inawezekana, watu wanafanya. Lakini omba kila mwenye nyumba akuandikie jina lako kama lilivyo kwenye pasipoti, na anza mapema.

Kundi nalo lina mtego wake. Kampuni huweka idadi ya chini ya watu, tuseme watano au sita, na kwa sheria za Umoja wa Ulaya safari ya zaidi ya siku sita inaweza kufutwa hadi siku 20 kabla ya kuondoka endapo idadi haikutimia. Fedha ya kampuni utarudishiwa. Tiketi ya ndege uliyonunua kando na ada ya viza ni juu yako. Chagua tarehe ambazo kampuni imekwisha kuandika kuwa safari ni ya uhakika. Hakikisha pia kampuni imesajiliwa na Atout France, wakala wa serikali wa utalii, ambako kila anayeuza safari nchini humo lazima aandikishwe na kuweka dhamana ya fedha za wateja. Kama kampuni ni ya nchi nyingine, uliza dhamana yake iko wapi.

Eneo gani kwa chaguo gani

Njia ya Le Puy hadi Conques, karibu kilomita 200, ndiyo rahisi kuliko zote kwa kujipangia: alama wazi, nyumba nyingi, mabegi kwa gari. Kulipa kundi pale kuna maana kama unataka historia au unaogopa kuwa peke yako. GR 70 ni hivyohivyo, ila nyumba ni chache na milima ni mikali zaidi.

Dordogne ni kinyume. Vijiji kama La Roque-Gageac, Beynac na Domme ni vizuri mno, na pango la Lascaux, lililogunduliwa mwaka 1940 na kufungwa kwa wageni mwaka 1963, lina nakala kamili iliyofunguliwa 2016 kule Montignac. Lakini mabasi ni ya kuhesabu, na bila gari utapoteza siku. Kundi la kukaa nyumba moja, lenye gari lake dogo, linafanya kazi vizuri sana huko. Luberon, pamoja na Gordes, Bonnieux na ardhi nyekundu ya Roussillon, inafaa kupangiwa, mwezi Mei au mwanzo wa Juni. Wanaofuata maua ya lavenda huja katikati ya Juni hadi katikati ya Julai, na wanayalipia kwa jua. Alsace, kutoka Colmar kupitia Kaysersberg, Riquewihr na Ribeauvillé, mwendo wa kila siku ni mfupi, vijiji vimekaribiana, na chaguo lolote linakubali.

Kulingana na hali yako

Unakwenda mara ya kwanza, huna Kifaransa, una wiki moja tu: kundi la Kiingereza lenye tarehe ya uhakika. Bei ni kubwa, lakini huna muda wa kujifunza kwa kukosea.

Mnasafiri mume na mke au marafiki wawili mnaopenda mazungumzo yenu wenyewe: kupangiwa. Kundi litawachosha, na kujipangia kutakula jioni zenu kwa simu.

Unazungumza Kifaransa, mfuko ni mwepesi, unaweza kulala chumba cha watu wanane: jipangie, GR 65, Mei kabla ya Kupaa au mwisho wa Septemba, ila weka nafasi mapema.

Unakwenda na mama wa miaka 67 anayetembea vizuri lakini hapendi kupanda: kundi la kukaa nyumba moja, Dordogne au Alsace. Uliza mita za kupanda kwa siku; zikizidi 400, tafuta tarehe au kampuni nyingine.

Chakula halali ni sharti lisilolegea hata kidogo: kupangiwa, kwenye malazi yenye jiko la wageni, ukianza safari kutoka mji wenye duka la nyama halali kama Strasbourg au Lyon na kuchukua vyakula visivyoharibika upesi. Makundi hayatakupa zaidi ya mboga na samaki.

Una watoto: punda wa Cévennes, siku nne, hatua zisizozidi kilomita 12, na usiku mmoja wa ziada katikati, kwa sababu punda naye huwa na siku zake.

Ulishanyimwa viza mara moja: nenda na kampuni, kundi au kupangiwa, uwe na barua moja iliyo safi. Mwaka unaofuata, ukiwa na rekodi ya kuingia na kutoka kwa wakati, jipangie upendavyo.